Pesa ya Kukaa: Nyumba za Kupangisha Makambako na Miaka ya Mwekezaji

(Mada ya kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama)



Tumepewa nusu saa kueleza wazo la jengo la kupangisha Makambako. Kwa miezi kadhaa limejadiliwa kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye simu, na kila lilipopita limeongezwa chumvi. Wengine wamesikia ni ghorofa nne, wengine kwamba faida ni asilimia 15 kwa mwaka na mtaji unarudi baada ya miaka miwili. Kuna mwanachama ametupigia akiwa tayari kuuza gari. Tukamwomba asiliuze kwanza, aje leo asikilize.

Tuanze na lililo wazi. Chama kina kiwanja Makambako, upande wa barabara ya Songea, chenye hatimiliki ya jina la chama. Makambako wote mnaijua: hapo barabara ya Songea inaiacha ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na hapo TAZARA ina stesheni. Mahindi, viazi, mbao na sasa parachichi vinapita hapo. Dereva wa lori analala hapo, mwalimu aliyehamishiwa hapo anatafuta nyumba, muuguzi vilevile, na kijana wa wakala wa benki pia. Wapangaji wapo. Tatizo letu kama wahasibu haliko kwa mpangaji. Liko kwa mwenye pesa: analipwa nini, analipwa lini, nani anatangulia kulipwa, na akitaka kutoka anatokea mlango gani. Hayo yasipoandikwa kabla ya msingi kuchimbwa, jengo litasimama na chama kitaanguka.

Kwetu Njombe jambo hili halipaswi kuwa gumu, kwa sababu tunapanda miti. Mwenye shamba la paini Lupembe au Kifanya anajua mbao nzuri inataka miaka 15 na zaidi. Anajua pia majirani wangapi wameuza shamba likiwa bichi mwaka wa saba au wa nane, kwa nusu ya nusu ya bei, kwa sababu ada ya chuo ilifika Oktoba. Mti ulikuwa mzuri na ardhi ilikuwa nzuri, ila pesa iliyopandwa ilikuwa ya ada. Nyumba ya kupangisha iko hivyohivyo, na tofauti yake ni kwamba nyumba huwezi kukata matawi ukauza kuni wakati unasubiri.

Sasa twende kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, si makadirio ya mkandarasi, lakini hazijatoka hewani. Tuseme jengo la sakafu mbili, chini na juu, lenye nyumba 12, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Kiwanja tukithamini shilingi milioni 60 na ujenzi milioni 300, jumla ni milioni 360. Kila nyumba ipangishwe kwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Kwa mwaka tunapata 25,920,000. Hapo ndipo wengi wanapoweka kalamu chini na kusema: asilimia saba, si haba!

Kalamu isiwekwe chini. Mpangaji anahama, nyumba inakaa wazi, inapakwa rangi, dalali anachukua cha kwake. Toeni mwezi mmoja kwa kila nyumba. Toeni asilimia 15 ya kinachobaki kwa ajili ya mlinzi, msimamizi, pampu ya maji na koki zinazovuja. Toeni kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, ambayo kwa jengo la ghorofa tangu 2023 ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Zimebaki kama milioni 20. Toeni kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30 ya faida baada ya uchakavu wa jengo, yaani kama milioni moja na nusu. Tengeni nyingine kama hiyo kwa ajili ya bati na mfumo wa maji taka wa miaka ijayo, kwa maana baridi na mvua za Makambako hazina huruma na rangi ya ukutani. Tumebaki na takribani milioni 17 za kugawa. Kwenye mtaji wa milioni 360 hiyo ni asilimia 4.7. Gawio likitoka, linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mkononi inafika asilimia nne na robo.

Tukibadilisha chini kuwe na fremu kumi za maduka badala ya nyumba sita, kila fremu kwa 150,000, tunapanda hadi karibu asilimia tano mkononi. Ni afadhali, na kamati inapendelea hivyo. Lakini hakuna namna ya kuzisukuma namba hizi zifike 15. Anayewaahidi 15 kutoka kwenye kodi ya pango ya Makambako, muulizeni mpangaji wake ni nani.

Na kuna wanaohesabu wapangaji wa Liganga na Mchuchuma. Tunaheshimu matumaini ya ndugu zetu wa Ludewa. Mkataba wa chuma na makaa ule ulisainiwa 2011, na kila ukitajwa redioni bei za viwanja zinapanda midomoni mwa madalali. Kwenye hesabu zetu mchimbaji ataingia siku atakapolipa kodi ya miezi mitatu.

Linganisheni sasa na pesa ambayo haijengi chochote. Hati fungani ya serikali ya miaka 25 iliwahi kulipa kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56, na baadaye viwango vikapanda tena. Tunachukua hicho cha 12.56 ili tusionekane tunaionea nyumba. Unaanza na shilingi milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, haikatwi kodi, na hakuna koki inayovuja. Mtu mwenye milioni 300 akiziweka huko miaka kumi, anapokea riba ya milioni 376 na ushei, na mtaji wake uko palepale.

Wanachama wenzetu wakauliza, na ni haki yao: basi kamati inatuletea jengo la nini?

Jibu ni kwamba jengo na hati fungani vinatunza pesa kwa namna mbili tofauti. Milioni 300 za hati fungani zitarudi zikiwa milioni 300, na mnajua shilingi ya miaka kumi iliyopita ilinunua saruji mifuko mingapi. Jengo linapanda pamoja na saruji. Kodi ya pango nayo inapanda. Kwa hiyo faida ya nyumba inatoka sehemu mbili: kidogo kila mwaka kwenye pango, na fungu kubwa mwishoni, kwenye thamani ya kiwanja na jengo. Hii ya pili haionekani wala haigawiki mpaka siku jengo linapouzwa au mtu anaponunuliwa hisa zake. Ndiyo maana suala la miaka ni suala la faida yenyewe. Atakayetoka mwaka wa tatu atakuwa amekula gawio la mwaka mmoja na kuacha fungu kubwa likiwa bado bichi.

Wenzetu Marekani wana biashara kubwa ya aina hii. Jengo moja lina nyumba mia, mia mbili, mia tatu, na wawekezaji wadogo wanachangia mtaji chini ya msimamizi mmoja. Kawaida yao mwekezaji anaahidiwa gawio la kwanza, mara nyingi asilimia 7 au 8, msimamizi hali kitu mpaka hilo litimie, na kinachozidi wanagawana kwa uwiano, tuseme 70 kwa 30. Muda ni miaka mitano hadi saba, kisha jengo linauzwa. Mpangilio wa nani atangulie ni mzuri, na tumeuchukua. Namba zao tumeziacha hukohuko.

Sababu ni mkopo. Wao walizoea kukopa sehemu kubwa ya bei kwa riba ndogo kuliko kile jengo linachoingiza, hivyo mkopo unamnenepesha mwekezaji. Hata kwao mambo yaligeuka: riba zilipopandishwa kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia tano kati ya 2022 na 2023, majengo yaliyokopewa kwa riba inayopanda na kushuka yakashindwa kulipa. Mjini Houston, mwaka 2023, zaidi ya nyumba 3,000 za mwekezaji mmoja zilichukuliwa na mkopeshaji kwa mkupuo. Hapa kwetu mikopo ya nyumba imekuwa kwenye asilimia 15 hadi 19. Tukikopa nusu ya milioni 360 kwa asilimia 16, riba ya mwaka ni milioni 28.8. Kodi ya pango ya nyumba zote 12, kabla ya kutoa hata mlinzi, ni milioni 25.9. Yaani wapangaji wote wangemfanyia kazi benki, na sisi tungeongezea. Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza halina mjadala mrefu: hatukopi. Tutajenga kwa pesa iliyopo, fremu kwanza, ghorofa ya juu baadaye. Nondo zitabaki zikichungulia juu kwa mwaka mmoja au miwili na watu watatucheka. Wacheke.

Jirani zetu Nairobi wana somo la karibu zaidi, kwa sababu wanaishi maisha tunayoyajua.

Mwaka 2015 mfuko wa majengo uitwao Fahari uliorodheshwa soko la hisa la Nairobi, kipande shilingi 20 za Kenya. Majengo yalikuwepo na kodi ilikuwa ikiingia. Lakini wanunuzi wa vipande walikuwa wachache, bei ikashuka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipopewa nafasi ya kutoka, bei iliyowekwa mezani ilikuwa shilingi 11. Hapo hakuna aliyeiba. Ni kwamba thamani ya jengo na thamani ya hisa ya anayetaka kutoka leo ni vitu viwili, na katikati yake kuna swali la nani anayenunua.

Lingine ni chungu zaidi. Mfuko wa Cytonn High Yield Solutions ulikusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida kubwa kwa muda mfupi, na pesa ikaingia kwenye miradi ya majengo inayochukua miaka. Watu walipoanza kudai pesa zao kwa pamoja, zilikuwa zimeshageuka zege. Oktoba 2021 mfuko ukawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ufilisiwe. Walioumia ni watu waliokuwa na zaidi ya shilingi bilioni 10 za Kenya humo, wakiwemo wastaafu, watu kama sisi. Ndugu zangu, ahadi ya miaka miwili juu ya jengo la miaka kumi inaishia hapo, hata kama kila aliyehusika ana nia njema.

Mfano wa tatu unatia moyo. Kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli za wanafunzi Nairobi, mwaka 2021 iliweka mifuko miwili. Mmoja unajenga, mwingine unanunua hosteli zikishakamilika na kukusanya kodi. Mwenye moyo wa kuvumilia vumbi la ujenzi anakaa upande wa kwanza, anayetaka gawio la kila mwaka anakaa wa pili. Sisi hatuna ukubwa wa mifuko miwili. Lakini tumeokota wazo: pesa ya kipindi cha ujenzi na pesa ya kipindi cha kodi zisiahidiwe kitu kilekile.

Baada ya kusema hayo yote, hili ndilo pendekezo la kamati.

Muda ni miaka kumi. Miwili ya kwanza ni ya kujenga, na katika hiyo hakuna gawio hata senti. Tunaomba mlisikie hili leo ili mtu asije kutuuliza kwenye msiba. Pesa zinazosubiri kutumika zitakaa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au mahali pa aina hiyo, kwa saini za watu watatu, si kwenye simu ya mweka hazina.

Kuanzia mwaka wa tatu, kinachopatikana kinashuka kwa ngazi. Kwanza wenye mtaji wa fedha, zile milioni 300, wanapata asilimia tano, yaani milioni 15 kabla ya kodi ya zuio. Mwaka ambao haitimii, upungufu unaandikwa na kulipwa mwaka unaofuata, bila riba juu yake. Wakishapata, chama kinapata asilimia tano ya thamani ya kiwanja chake, milioni tatu. Kikizidi kitu, 70 kwa wawekezaji na 30 kwa chama. Kwa ule mfano wa nyumba 12, milioni 17 zinatoa 15 kwa wawekezaji na mbili kwa chama. Kwa ule wa fremu, zinapatikana kama milioni 19 na robo: 15, kisha tatu, na milioni moja na robo inagawanywa.

Mtaona chama kimejiweka nyuma. Ni makusudi. Kiwanja ni mali ya wote, kilinunuliwa kwa michango ya wazee ambao wengine hatunao tena. Kukiweka nyuma ya pesa za wanachama ni kumwambia mwekezaji kwamba chama hakili kabla yake. Lakini kukiweka nyuma si kukitoa sadaka, na hapa kamati ilibishana usiku mzima. Kuna waliotaka kiwanja kiingie bure, ili gawio linone. Tukakataa. Kiwanja kimethaminiwa, kimeandikwa, na siku ya kuuza kinarudishiwa thamani yake.

Siku hiyo nayo ina ngazi zake. Tuseme mwaka wa kumi jengo linauzwa, na baada ya kodi ya ongezeko la thamani ya mali na gharama za mauzo tunabaki na milioni 500. Milioni 300 zinarudi kwa wawekezaji, pamoja na gawio lolote lililobaki deni. Milioni 60 zinarudi kwa chama. Zinabaki 140: wawekezaji 98, chama 42. Mwekezaji aliyeweka milioni tatu atakuwa amepata karibu milioni nne kwenye mauzo, na milioni moja na laki mbili za magawio ya miaka minane kabla ya zuio.

Tumepiga pia hesabu ya kuwasuta wenyewe. Ili wawekezaji wafikie kile ambacho hati fungani ya 12.56 ingewapa, jengo hili lingepaswa kuuzwa kwa zaidi ya milioni 725, yaani maradufu ya gharama yake. Je, inawezekana Makambako ndani ya miaka kumi? Inawezekana. Je, tunaahidi? Hapana. Kwa hiyo anayetaka mapato makubwa tu, aende Benki Kuu kupitia benki yake, na tutamsaidia kujaza fomu. Anayeingia huku aingie na pesa ambayo hataigusa, sehemu tu ya akiba yake, kwa sababu anataka kitu kinachopanda na bei za nyumbani na kinachoacha kitu nyumbani. Mstaafu anayetegemea pesa hiyo kwa dawa asiingie. Tumemwambia mzee mmoja hivyo ana kwa ana na hakufurahi.

Mlango wa kutoka. Maisha yanatokea: ugonjwa, talaka, ada, kifo. Kabla ya mwaka wa tano hisa haziuzwi kwa kampuni, ila mwanachama anaweza kumwuzia mwanachama mwenzake kwa bei wanayokubaliana, na inaandikwa kwenye daftari la hisa. Kuanzia mwaka wa tano, kampuni itanunua hadi asilimia tano ya hisa zote kila mwaka, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa pungufu asilimia 10. Hiyo pungufu inawalinda wanaobaki, kwa kuwa anayetoka anatumia akiba ya wote. Mwaka wa kumi tunapiga kura: kuuza jengo lote, au kuligawa kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 ili kila nyumba iwe na hati yake na ziuzwe mojamoja, au kuendelea miaka mitano. Wakishinda wa kuendelea, wasiotaka wananunuliwa ndani ya miezi 24 kwa bei kamili ya mthamini. Mtu asifungwe na kura ya wengine.

Kuhusu kifo, kila fomu ya hisa itakuwa na jina la mrithi na nakala itakaa kwa wakili. Tumeona kwetu nyumba nzuri zimeota nyasi kwa miaka kumi na mbili kwa sababu ya mirathi. Mrithi atapokea hisa zenye masharti yaleyale. Hatapokea chumba. Hili la chumba tunalirudia: hakuna mwanachama atakayekuwa na “nyumba yangu ya juu kushoto”. Mwanao akipangishwa hapo analipa kodi kama mpangaji mwingine, na asipolipa anatoka kama mpangaji mwingine. Shangazi akipiga simu, atajibiwa kwa heshima na mkataba utabaki ulivyo.

Sheria nayo ina neno. Chama chetu ni cha hiari, hakigawi faida, hivyo mradi utakuwa kwenye kampuni yake. Kampuni binafsi kwa Sheria ya Makampuni ya 2002 haizidi wanahisa 50, na hairuhusiwi kuualika umma ununue hisa zake. Anayetaka kuchangisha umma anapita Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo tangu 2011 ina kanuni za mifuko ya majengo. Watumishi Housing walipita njia hiyo. Sisi bado wadogo. Wakijitokeza zaidi ya 50, tutaangalia ushirika wa nyumba kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na hilo litaletwa kwenu upya. Kwa sababu hiyohiyo kijitabu hiki, ambacho kinakwenda kwa kila rafiki wa Njombe, hakina fomu ya hisa. Msikitafute ukurasa wa mwisho. Fomu zitatolewa kwa wanachama hai baada ya rasimu ya mkataba kusomwa mstari kwa mstari kwenye mkutano wao.

Fomu iliyomo humu ni ya bweni la wasichana. Hilo ndilo jambo la usiku wa leo, na tusingependa maneno ya jengo yalifunike. Mabinti wa shule yetu ya kata wanatembea alfajiri ya Juni na Julai, umande umeganda kwenye nyasi, kilomita nyingi kwenda na kurudi. Ukuta umefika kwenye linta. Zimebaki bati, madirisha, vitanda na choo. Jengo la Makambako likienda vizuri, sehemu ya chama italitunza bweni hilo miaka ijayo. Ndivyo tulivyoandika kwenye rasimu. Lakini kwa hesabu mliyoisikia, shilingi ya kwanza ya chama kutoka huko haiji kabla ya mwaka wa tatu, na itakuwa milioni mbili au tatu. Binti aliye kidato cha kwanza leo atakuwa anamaliza.

Kwa hiyo mchango ni mchango na mtaji ni mtaji. Akaunti ni mbili, vitabu vya risiti ni viwili, na wakaguzi watakuta hakuna shilingi iliyovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Anayetoa kwa ajili ya bweni asidai gawio, na anayewekeza asijihesabie kuwa ametoa. Ukipenda kufanya yote mawili, Mungu akubariki, lakini fanya kwa karatasi mbili.

Maswali kuhusu rasimu ya mkataba tutayapokea kwa maandishi hadi mwisho wa mwezi ujao, na majibu yatasomwa mbele ya wote, yakiwemo yale ambayo kamati haitayafurahia. Meza ya bweni iko kushoto kwa mlango, mweka hazina yupo pale na kitabu cha risiti.